Mwenyekiti Amenyoosha Kidole

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa kliniki ameniambia ninunue daftari, niandike mke wangu anakula nini, analala vipi, na kitanda kinalowa mara ngapi. Nimenunua. Uji kikombe kimoja asubuhi, nusu kikombe mchana. Amelala vizuri. Shuka mara tatu. Haya, nimeandika. Nafasi inayobaki kwenye ukurasa ni yangu, na daktari akichoka kusoma shauri yake.

Mvua imeanza leo.

Jumanne, 5 Machi

Shuka mara nne.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari ajue na hili. Mke wangu namwita Mwenyekiti, kwa sababu kwa miaka arobaini hakuna jambo lililopita nyumba hii bila yeye kulifungua na kulifunga. Tangu kiharusi kimpate mwezi wa kumi na moja hasemi, na upande wake wa kulia umelala. Amebaki na mkono wa kushoto na masikio. Masikio yake mazima, anasikia sisimizi akipita. Yangu niliyaacha kiwandani, miaka thelathini na moja kando ya mitambo ya kuchapa magazeti. Sauti nene nazisikia nikisogea karibu, sauti nyembamba tulishaagana.

Kwa hiyo tumegawana kazi. Mimi ni mikono, yeye ni masikio. Mashine ya kufulia iko bafuni, nyuma ya ukuta wa chumba chake. Ikimaliza inalia kijikengele ambacho mimi sikisikii. Yeye anainua kidole kimoja juu, anakishusha, nami naenda kutoa shuka. Hajakosea hata siku moja. Wageni wakija wanamsikitikia, eti hana analoweza. Mtu ana kazi yake na anaifanya kuliko wengi ninaowajua.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yetu amekuja. Ni mtoto wetu wa pekee, anakaa mbali, safari ya siku nzima, na akija anakuja na sura ya mkaguzi. Amemwamkia mama yake, akambusu, kisha kabla hajakaa akaenda kufungua dirisha. Mvua yote ikaingia ndani.

"Dirisha la nini na mvua hii?" nikamuuliza.

"Hewa tu, Baba."

Hewa tu. Mimi ni kiziwi, pua haina kasoro. Najua alichokisikia. Nepi za wakubwa zilimchubua mama yake hadi akatoka vidonda, ndiyo maana tunakwenda na shuka na mpira wa kutandika, na shuka zenyewe siku hizi hazikauki.

Baadaye aliniinamia sikioni, akasema polepole, "Baba, kwangu kuna chumba. Tulishaliongea."

"Mama yako ana chumba."

"Umri umekwenda, Baba. Utaweza mpaka lini?"

Nikaenda kufunga dirisha. Miaka kumi iliyopita tulimuuguza mama mkwe, akahamishwa nyumba nne kwa mwaka mmoja kama kabati la urithi, kila mtoto na zamu yake. Tulipomzika, Mwenyekiti aliniambia, "Mimi usije ukanihamisha. Chumba changu ndicho hiki." Nikasema sawa. Sikuapa, nilisema sawa tu, lakini sawa yangu aliujua uzito wake.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Shuka zikiwa safi, binti hana hoja. Zikinuka, mimi ndiye sina.

Jumatatu, 11 Machi

Sabuni ya unga nilikuwa naweka kifuniko kimoja. Leo nimeweka vitatu. Nyumba inanukia kama hoteli.

Jumatano, 13 Machi

Vifuniko vinne. Povu lilifika hadi kwenye kioo cha mlango. Binti aje sasa na madirisha yake.

Jumatatu, 18 Machi

Uji robo kikombe. Shuka mara nne, kamba ya ukumbini imejaa, tunapita tumeinama.

Mwenyekiti ana jambo jipya. Tangu juzi ananyoosha mkono kuelekea bafuni, si kile kidole chake cha kawaida, mkono mzima, na uso ameukunja. Nikajua anataka choo. Nikambeba, nikamkalisha, hakuna kitu. Nikamrudisha. Baada ya nusu saa mkono tena. Nikambeba tena. Leo nimembeba mara tano na mgongo wangu hautaki kusikia habari zangu.

Jumatano, 20 Machi

Mkono tena. Sasa ameongeza na ngumi, anaizungusha hewani huku amekunja uso. Nadhani tumbo linamsokota.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemweleza daktari habari ya ngumi inayozunguka. Amesema ni tumbo, ametoa dawa ya maji ya rangi ya waridi. Mwenyekiti ameitema yote kwenye shati langu, makusudi, akaniangalia moja kwa moja. Nimerudia kijiko cha pili nikiwa nimemshika kidevu. Amemeza. Machozi yalimtoka, nikamwambia yatapita.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimejiona mjinga, na ninaandika ili kesho nisijidanganye.

Asubuhi kashuka mshonaji anayekaa juu yetu. Mama mmoja mchapakazi, ana vyerehani viwili na mdomo usiopumzika. Nikafungua mlango, akasogea sikioni.

"Shikamoo mzee. Samahani, mnasaga nini humu ndani?"

"Marahaba. Kusaga?"

"Wiki ya pili hii. Mashine yenu ikianza kukamua nguo, meza yangu inatembea. Jana nimeshona mkono wa gauni mahali pa mfuko."

Nikaenda bafuni. Mashine ilikuwa katikati ya kazi. Sikusikia kitu cha ajabu, nilisikia ngurumo ileile ninayoisikia kwa kila kitu. Nikaweka kiganja juu yake, kama tulivyokuwa tunaweka kiwandani. Nikatoa kiganja, nikakirudisha. Miaka thelathini na moja nimeshika mitambo. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba mzunguko, ikifa inasema na mfupa, hata sikio likiwa limekwenda. Hizi zilikuwa zimeshakufa, zinazikana tu.

Nikarudi chumbani, nikasimama mbele ya kitanda. Nikamuuliza, "Ni mashine?"

Alifumba macho taratibu, akayafumbua. Alikuwa akiniangalia hivyohivyo nilipokuwa nasahau siku ya kulipia maji. Ngumi ile inayozunguka ilikuwa pipa la mashine. Siku kumi ananiambia, na mimi nambeba chooni. Nimemnywesha dawa ya tumbo kwa nguvu mtu anayeniambia beringi zimekwisha.

Nilimwomba radhi. Akanipiga kofi dogo la mkononi, akageukia ukuta wake.

Ijumaa, 29 Machi

Fundi aliitwa juzi, akafika leo. Mtaa mzima unamwita Niko Njiani, kwa kuwa ndilo jibu lake ukimpigia, hata akiwa kitandani. Nilimtayarishia maneno makali, lakini alipokaa chini na kutoa bisibisi nikanyamaza. Mtu anayejua kazi huonekana kwa anavyoshika chombo. Huyu anakishika vizuri.

Alizungusha pipa kwa mkono, akainamisha kichwa. Akafungua droo ya sabuni, akaingiza kidole, kikatoka na ute mweupe, mzito kama mafuta ya kupaka.

Akapaaza sauti ili nisikie. "Mzee wangu, unaweka sabuni kiasi gani?"

"Vifuniko vinne."

"Vinne? Unafua nini, magunia?"

Nikamwambia ni shuka za mgonjwa. Akatazama upande wa chumbani, sauti ikashuka, nikalazimika kumsoma midomo. Alisema beringi zilishaanza kuchoka zenyewe, mashine ina miaka kumi na mbili, lakini sabuni ndiyo iliyozimaliza. Povu jingi halisuuziki. Linaganda nyuma ya pipa, linakula ule mpira unaozuia maji, maji yanaingia kwenye beringi, kutu inafanya yaliyobaki.

"Basi badilisha beringi," nikasema.

"Hili pipa limefungwa kiwandani, mzee. Halina skrubu. Kulifungua ni kulikata kwa msumeno, kisha nilifunge tena kwa bolti na gundi. Nimeshawahi. Moja ilikubali, mbili zikavuja. Na beringi za saizi hii sina, nitatafuta kwenye mashine zilizokufa."

"Ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi ningenunua nyingine. Hii waweza kuitumia kuloweka na kusuuza. Lakini usikamue. Ukikamua, pipa litapiga upande na mpira wa mlango utachanika. Kamua kwa mikono."

Mikono yenyewe ndiyo hii, vidole vimevimba kwa baridi yabisi. Sikumwambia.

Akiondoka akasema beringi atazitafuta. Nikamwuliza lini. Akacheka, akasema utaniona.

Kwa hiyo mashine imeuawa na aibu yangu. Nilitaka binti asinuse kitu. La kuvunda halina ubani, na mimi nimekwenda kulivundisha kwa ubani wenyewe.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Shuka mara tatu. Nimekamua kwa mikono.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mara nne. Nimekamua moja, nyingine nimezitundika zikitiririka, nikaweka masufuria chini.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Uji amekataa.

Jumapili, 7 Aprili

Tuna shuka kumi na nne. Leo saa sita hakuna hata moja iliyokauka. Nimemtandikia kitambaa cha meza.

Jumanne, 9 Aprili

Mwenyekiti hana kazi tena. Mashine haifiki mwisho, naizima mwenyewe kabla ya kukamua, kwa hiyo kijikengele hakilii. Analala ameelekea ukuta anasikiliza. Mara moja leo aliinua kidole, akakumbuka, akakishusha kabla hajakifikisha juu. Nilijifanya sikuona.

Ijumaa, 12 Aprili

Habari njema, ya kwanza tangu nianze daftari hili. Mimi na binti hatupigiani simu, nisingemsikia, tunaandikiana. Nilimwandikia yote kuhusu beringi, isipokuwa vifuniko vinne. Amejibu leo: "Baba usihangaike na fundi tena. Mashine nimeshanunua, ya kilo kumi, nguo zinatoka karibu kavu. Wanaileta wiki ijayo."

Nimemsomea Mwenyekiti mara mbili. Kilo kumi! Ile yetu ni ya kilo tano. Nimepima bafuni kwa kamba, itabidi pipa la maji lihame, nimelihamisha. Mtoto huyu nilikuwa namwonea. Nilidhani anatafuta sababu ya kutuvunjia nyumba, kumbe yuko dukani anatutafutia mashine.

Jumanne, 16 Aprili

Bado hawajaleta. Mvua. Kitambaa cha meza, pazia la ukumbini.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto. Atakayesoma avumilie.

Juzi Alhamisi, saa mbili asubuhi, hapakuwa na kitu kikavu ndani ya nyumba. Kitambaa cha meza kimelowa, mapazia yamelowa, Mwenyekiti amelala juu ya mpira mtupu na koti langu. Ngozi ya mgongoni ilikuwa imeanza tena kuwa nyekundu. Nikajiambia, mashine mpya iko njiani, hii ya zamani ikifa leo si hasara. Nikaweka shuka tatu, nikafunga mlango, nikaiacha ikamue. Fundi alinikataza kwa mdomo wake, mbele ya macho yangu. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi ninayo mawili.

Nilikuwa nimesimama palepale na kiganja juu yake. Ikapanda kasi, ikapanda, kisha ikaruka kutoka ukutani kama imepigwa teke. Mpira wa mlango ukachanika, maji yote ya sabuni yakanijia miguuni. Niligeuka nitoke nikazime umeme ukumbini. Hatua ya pili sakafu haikuwepo. Nilianguka kwa kiganja na nyonga, nikasikia mkono ukivunjika. Hicho nilikisikia vizuri.

Sikuweza kuinuka. Nililala kwenye ukumbi, kichwa kikiwa karibu na mlango wa Mwenyekiti lakini ukuta umetukinga, hanioni, simwoni. Niliita, "Niko sawa, Mwenyekiti." Sijui niliita kwa sauti gani. Maji yakapita chini ya mlango wake, yakapita chini ya mlango wa nje. Nikawa natazama saa ya ukutani. Saa tatu. Saa nne. Nilijua ameshalowa na yuko juu ya mpira, na hakuna wa kumgeuza. Ukuta mmoja kati yetu, na mimi sisikii kama analia au ameshanyamaza. Saa tano. Nilianza kufikiri amekufa, na kwamba nimelala hapa namngojea mtu ambaye hayupo. Nililia. Sina haja ya kulificha, daktari alisema niandike kila kitu.

Saa sita mshonaji aliingia na kijana wa duka la chini wakiwa wamevunja kitasa. Akaruka juu yangu, akaenda kwanza chumbani. Akarudi, akapiga magoti kwenye maji, akaniambia sikioni, "Mzima. Huyo ndiye aliyeniita."

Kumbe Mwenyekiti alichukua kile kikombe cha bati cha uji kwa mkono wake wa kushoto, akakipiga kwenye chuma cha kitanda. Mshonaji asubuhi alikuwa sokoni. Aliporudi akasikia tang, tang, tang, akadhani ni bomba. Halikunyamaza, ndipo akashuka. Zaidi ya saa tatu yule mtu amepiga chuma, hatua tatu kutoka nilipolala, na mimi sikusikia hata mara moja.

Kikombe kimebonyea pande zote. Mgongo wake umetoka kidonda cha ukubwa wa kiganja.

Jumapili, 21 Aprili

Binti amefika jana jioni. Hakupiga kelele. Nilitegemea kelele na ningeiweza. Alikunja mikono ya blauzi yake ya ofisini, akakaa kwenye kigoda bafuni, akafua shuka zote kumi na nne kwa mikono. Nilisimama mlangoni na plasta yangu. Alikuwa anakamua huku anatazama ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nilisema nimsaidie. Akatikisa kichwa.

Mkaguzi gani huyu. Ni mtoto anayeogopa kufiwa na watu wawili siku moja.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimwuliza, "Mashine inaletwa lini?"

Akaniangalia kama hakunielewa. Kisha akaelewa, na uso ukambadilika. Akachukua daftari hili, akaandika pembeni ili nisipoteze neno:

Imeshaletwa Baba. Iko kwangu. Nilinunua kwa ajili ya Mama akija. Nilifikiri umejua.

Nimesoma. Nikasema, "Nilihamisha pipa la maji."

Alifunga kalamu, akanirudishia daftari.

Jumanne, 23 Aprili

Chumba cha ziada kwa binti ni kimoja, na kitanda cha hospitali kimekijaza. Mimi nitakwenda mkono ukipona, kwa zamu, kama mgeni. Daktari amekubaliana na binti kwamba Mwenyekiti ahame kesho. Nimetafuta hoja tangu asubuhi, sina. Shuka ndiyo ilikuwa hoja yangu.

Jumatano, 24 Aprili

Wamemchukua saa tatu, kwa gari la wagonjwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaa naye kabla, nikamwambia, "Nilisema sawa. Nimeshindwa." Alinishika plasta kwa mkono wa kushoto. Hakunyoosha kidole, hakufumba macho, alishika tu. Walipompitisha ukumbini alitazama mlango wa bafuni mpaka machela ikageuka.

Uji: sijui. Shuka: hakuna.

Jumapili, 28 Aprili

Shuka: hakuna.

Alhamisi, 2 Mei

Niko Njiani amefika, hakuitwa. Ana beringi mbili ndani ya gazeti, amezitoa kwenye mashine tatu zilizokufa, hakuna iliyokuwa na nzima mbili. Nikamwambia mgonjwa ameshahamishwa. Akazitazama beringi mkononi. "Basi niiache?" Nikamwambia tengeneza.

Alikata pipa kwa msumeno siku nzima, akaweka mpira mpya, akalifunga kwa bolti ishirini na nne. Nilimtilia mwanga kwa mkono mzima. Nilimdharau sana mtu huyu.

Ijumaa, 3 Mei

Gundi imekauka. Tumeijaribu. Nimeweka kiganja, inazunguka laini kama siku iliyonunuliwa. Haivuji tone. Mvua nayo imekatika leo, jua kali, kamba ya nje tupu.

Jumatano, 8 Mei

Ujumbe wa binti: "Mama hajambo, kidonda kinakauka. Ana tabia moja mpya, mara kwa mara anainua kidole juu. Tunampeleka chooni, hataki. Ni tumbo au?"

Nimeandika kwa haraka hadi nimekosea herufi. Nimemwambia si tumbo, asimpe dawa yoyote, anawaambia mashine imemaliza.

Amejibu baada ya saa moja: "Loo! Kumbe. Lakini hii inapiga muziki mkubwa ikimaliza Baba, nyumba nzima tunasikia. Nimemwambia asijichoshe."

Jumapili, 12 Mei

Binti anasema kidole hakiinui tena. Ametulia, anasema. Analala sana.

Jumatano, 15 Mei

Nimefua leo. Mashati mawili, suruali, soksi, na shuka yangu. Kifuniko kimoja cha sabuni. Nilianza saa tatu, nikachukua kigoda nikakaa mbele yake, macho yakielekea chumbani kwa Mwenyekiti. Ile ngurumo niliyokuwa naisikia zamani, beringi mpya zimeiondoa. Sasa hainifikii sauti yoyote.

Mshonaji alipita kunirudishia ufunguo wa akiba niliomwachia kitasa kipya kilipowekwa. Alinigusa bega, akainama sikioni.

"Mzee, mbona umekaa hapa? Unasubiri nini?"

"Nguo. Bado haijamaliza."

Akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Imemaliza zamani, mzee. Nimeisikia nikiwa juu, saa nne haijafika."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasorobo.